Kuyafuata Maji kwa Baisikeli: Kutoka Alupe Mpaka Port Victoria

Wakazi wa Busia na Malaba hawana haja ya kufundishwa baisikeli ni chombo gani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa mpakani walianza kuwapakia abiria nyuma ya baisikeli zao, juu ya keria iliyowekwa kigodoro, wakawavusha kutoka kituo cha forodha cha upande huu mpaka cha upande wa pili. Maana mwendo wa katikati ya vituo hivyo ulikuwa mrefu kwa mtu mwenye mizigo. Walipowaita wateja walisema, “Boda, boda,” yaani kutoka mpaka hata mpaka. Neno hilo limeenea Afrika Mashariki yote, hata sasa ambapo pikipiki zimeinyang’anya baisikeli sehemu kubwa ya kazi ile.

Somo letu ni juu ya baisikeli ile ile, ila keria yake haina abiria wala gunia. Twataka kumweleza msomaji jinsi awezavyo kutoka Alupe na kuyafuata maji ya nchi yake mpaka yanapoingia ziwani, bila haraka, kwa muda wa siku tatu, na mambo yampasayo kuyatazama njiani. Wako watakaouliza, “Mtu mzima apande baisikeli siku tatu, hapeleki kitu wala haleti kitu, ana akili huyo?” Swali hilo si baya, nalo lastahili jibu. Nchi hii iliyo kati ya mlima Elgon na Ziwa Victoria ina shida moja kubwa ya maji: mwezi huu yanakosekana visimani, mwezi ujao yanalala vitandani mwa watu wa Budalangi. Jambo hilo huzungumzwa sana barazani na watu wasiolijua ila kwa kusikia. Mtu aliyeupita mteremko ule kwa nguvu za miguu yake hulijua kwa namna nyingine.

Mtu wa miguu huenda kilomita 5 kwa saa, akachoka kabla hajaona mwisho wa jambo. Aliye katika matatu huona migongo ya abiria wenzake. Mpanda baisikeli asiye na haraka huenda kilomita 10 au 12 kwa saa, husikia ndege, hunusa matope, husimama apendapo pasipo kumwomba dereva ruhusa, tena huweza kusalimiana na mtu aliye shambani bila kupaza sauti.

Chombo chenyewe si cha zamani sana. Mjerumani Karl von Drais alitengeneza mwaka 1817 chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali, mpandaji akikisukuma kwa kukanyaga chini. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na umbo hilo ndilo tulilo nalo hata leo. Kisha John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alijaribu mpira wa kujazwa upepo katika baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akaandikishiwa uvumbuzi huo mwaka 1888. Hata kabla ya mipira hiyo kuja, Thomas Stevens alikuwa amekwisha kuizunguka dunia juu ya baisikeli yenye gurudumu moja refu la mbele, kati ya mwaka 1884 na 1886, akipanda meli palipokuwa na bahari. Basi asiwepo wa kusema kwamba kutoka Alupe mpaka Port Victoria ni mbali. Njia hiyo yapata kilomita 60, ikizidi au ikipungua kwa jinsi msafiri atakavyochagua kupita.

Hapana haja ya kununua baisikeli mpya ya mbio. Ile nyeusi, nzito, iitwayo Black Mamba, inayobeba mitungi ya maji na mikungu ya ndizi, yatosha kabisa. Lakini ipelekwe kwa fundi siku mbili kabla, wala si asubuhi ya safari. Fundi akaze spoki zilizolegea, aangalie kama breki zote mbili zashika, autie mnyororo mafuta kidogo kisha aufute. Mafuta yakizidi hushika vumbi, na vumbi lenye mafuta hula chuma kama tupa. Kiti kiinuliwe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ifikapo chini. Watu wengi wa kwetu hupanda wakiwa wameketi chini mno, magoti yakipanda mpaka karibu na kidevu, halafu husema baisikeli inaumiza magoti. Baisikeli haina hatia.

Msafiri achukue pampu, viraka, solusheni, vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana moja, na mpira mmoja wa ndani ulio mzima. Mzigo wa nguo usizidi kilo 8, ufungwe kwenye keria kwa mipira, chini na katikati, usining’inie upande mmoja. Wala usitundikwe kwenye usukani, maana usukani wenye mzigo hukataa amri penye mchanga. Kijiti kigumu cha urefu wa shubiri mbili ni chombo cha lazima, na matumizi yake tutayaona tufikapo kwenye udongo mweusi. Maji ya kunywa yasipungue lita 3. Kitambulisho kisisahauliwe, kwani njia hii hukaribiana sana na mpaka wa Uganda, na vijia vya ng’ombe haviweki kibao cha kumwambia mtu kwamba amekwisha kuuvuka.

Siku zifaazo ni za Desemba mpaka Februari. Katika masika, yaani Machi mpaka Mei, barabara za udongo huwa mbaya, na kule chini kwenyewe yaweza kuwa hatari. Mtu aondoke saa 12 na nusu asubuhi, apumzike kivulini tangu saa 5 mpaka saa 9, kisha aendelee mpaka saa 11 jioni. Mvua za upande huu wa ziwa hupenda kuja alasiri. Wingu jeusi likionekana, atafute dari ya duka, wala asisimame chini ya mti ulio peke yake.

Sasa tuondoke. Alupe ipo kwenye barabara itokayo Busia kwenda Malaba, kilomita chache tu kutoka mji wa Busia. Wazee waijua kwa hospitali yake iliyotibu wakoma zamani, wakulima kwa kituo chake cha utafiti, na vijana wa sasa kwa Chuo Kikuu cha Alupe kilichopewa hati yake mwaka 2022. Lakini kabla ya kukanyaga pedali, msafiri asimame ajiulize maji ya mahali hapa huenda wapi. Jibu lake ni la ajabu kidogo. Upande wa kaskazini, mito ya Malakisi na Malaba hushuka kutoka mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321. Hukutana, huingia Uganda, na kwa njia ya mto Mpologoma hufika katika Ziwa Kyoga. Upande wa kusini, mto Sio huyachukua maji yake mpaka Ziwa Victoria. Kwa hiyo kati ya Malaba na Busia upo mgongo wa nchi ambao jicho halitambui kuwa ni mgongo, nao huyagawanya maji ya mvua moja. Tone moja huelekea Kyoga moja kwa moja. Tone la pili huingia Ziwa Victoria, hutoka Jinja pamoja na mto Nile, nalo huja kufika Kyoga vile vile. Yakutana huko baada ya kuachana hapa, huenda pasipozidi upana wa shamba la muhogo.

Kipande cha kwanza, mpaka Busia, ndicho kisichopendeza. Ni cha lami, lakini malori makubwa yaendayo Malaba na Busia hupita hapo mchana na usiku, na upepo wa lori lenye tela waweza kumyumbisha mtu. Msafiri akae pembeni, asiende sambamba na mwenziwe, na akisikia malori mawili yakikutana ashuke chini ya lami kwa hiari yake kabla hajashushwa. Busia apite mapema. Tangu Februari 2018, kilipozinduliwa rasmi kituo kimoja cha pamoja cha mpakani, mambo ya forodha yamepata utaratibu mzuri zaidi, lakini msongamano wa watu na mikokoteni haukwisha.

Kusini ya Busia nchi huanza kuinama. Kwa macho haionekani. Kwa miguu huonekana. Mji wa Busia upo kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na uso wa ziwa ni mita 1,134 hivi. Tofauti yake haifiki mita 100 katika mwendo wa kilomita zaidi ya 40. Nchi iliyoinama kidogo namna hiyo haiyasukumi maji. Yanajiendea taratibu, yanazunguka, yanalala mabondeni, na hapo ndipo huota mafunjo. Msafiri aufikapo mto Sio na vijito vyake ataona mabonde mapana yaliyojaa mimea ya kijani, na mto wenyewe umefichwa ndani yake kama sindano katika nyasi. Sehemu ya chini ya mto huo ndiyo mpaka wa Kenya na Uganda. Mafunjo hayana habari hiyo. Yameota pande zote mbili, na korongo taji, ndege yule aliye katika bendera ya Uganda, huzaa vifaranga vyake upande wowote apatapo utulivu.

Hapa twapenda msomaji akae kitako, kwa maana ndicho kiini cha safari. Mfunjo ni mmea wa jamii ya ndago, usio na matawi, wenye kichwa kama ufagio, na huweza kufika mita 4 au 5. Mizizi yake husukana ikawa kama jamvi nene, na jamvi hilo laweza kuelea juu ya maji. Kipande kikikatika huenda ziwani kama kisiwa kidogo chenye ndege juu yake. Maji ya mto yenye udongo yakiingia katika msitu huo hupunguza mwendo, na maji yaliyopunguza mwendo hutua udongo wake. Yatokayo upande wa pili ni masafi zaidi, nayo hutoka kidogo kidogo, hata majuma mengi baada ya mvua kukoma. Kwa hiyo bonde la mafunjo ni chujio na tena ni ghala. Watu wa hapa hukata mafunjo kwa mikeka, kamba na kuezekea, wala hakuna ubaya, kwa kuwa huota tena. Ubaya ni pale bonde zima linapochimbiwa mifereji, likakaushwa na kuchomwa moto ili lilimwe. Mwaka wa kwanza na wa pili hutoa mazao mengi sana, jambo ambalo huwafanya majirani kuiga.

Ndani ya mafunjo wamo viumbe wengi ambao mpita njia wa gari hawaoni. Kambare mamba, ambaye Wajaluo humwita kamongo, huvuta pumzi ya hewa, na kinamasi kikikauka hujizika katika matope akangoja mvua. Mdiria hukaa juu ya unyasi mmoja bila kuutingisha. Kusini zaidi, katika kinamasi cha Yala, yupo nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame. Akishtuliwa hujitosa, akabakiza pua tu juu ya maji. Kuvizia wanyama hawa kwahitaji subira. Baisikeli ilazwe chini, mtu aketi robo saa pasipo kusema, asivute sigara.

Baada ya Sio yaja nchi ya Wasamia, na vilima vyake. Hapa msafiri atashuka asukume kwa mkono, wala si aibu. Vilima hivyo vina mawe yenye chuma, na wahunzi wa Samia walijulikana mbali kwa majembe yao kabla majembe ya ng’ambo hayajafika. Mtu anayesukuma chuma kukipandisha kilima cha chuma ana haki ya kupumzika, na Nangina na Funyula ni mahali pazuri pa kulala siku ya kwanza. Chakula cha huku ni ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama au wimbi, mzito, mweusi kidogo, nao hukaa tumboni mpaka jioni. Twausifu kuliko mkate kwa kazi hii. Upande wa Teso msafiri huenda akakaribishwa kwenye chungu cha pombe ya wimbi, wazee wakiwa wamekizunguka na mirija mirefu. Kuketi na kuongea nao ni heshima. Kuhusu kunywa, yafaa kungoja mpaka baisikeli iwe imefungwa kwa usiku.

Jambo la salamu lisidharauliwe. Mtu ashukaye baisikelini kumwamkia mzee hupata habari za njia ambazo hazimo katika ramani yoyote. Kwa Wateso aseme “Yoga”, kwa Waluhya “Mulembe”, na asipojua jamii ya mtu, “Shikamoo, baba” au “Habari za hapa, mama” haikosei.

Siku ya pili, kutoka Funyula, barabara hushuka kuelekea Sio Port, mahali mto Sio unapoingia katika ghuba ya Berkeley. Kule chini udongo hugeuka kuwa mweusi. Ukiwa mkavu hupasuka nyufa ziwezazo kumeza tairi. Ukilowana hushikamana na magurudumu, ukajaza nafasi ya chini ya kinga-matope, hata baisikeli ikakataa kusukumwa. Hapo ndipo kile kijiti kinapotoa faida: kila mita mia mtu asimame aukwangue. Penye mchanga apunguze upepo wa tairi kidogo, ashike usukani kwa ulegevu, aendelee kukanyaga. Anayeacha kukanyaga mchangani huanguka.

Mlango wa mto si kama watu wadhaniavyo, kana kwamba mto hufika ziwani ukamwagika kama maji ya ndoo. Mto na ziwa huchanganyika katika mafunjo na matete kwa mwendo mrefu, hata mtu hawezi kunyosha kidole akasema, “Hapa ndipo.” Samaki wengi wadogo hukua hapo, ambapo sangara mkubwa, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, hawezi kuwafuata kwa urahisi. Kwa sababu hiyo hiyo, ngege wa asili, aliyekwisha kuwa adimu sana katika ziwa kuu, angali anapatikana katika ziwa dogo la Kanyaboli lililomo ndani ya kinamasi cha Yala. Kinamasi hicho kina hektari 17,500 hivi, na sehemu yake imekaushwa kwa kilimo tangu miaka ya 1960.

Kutoka Sio Port msafiri afuate njia ya Port Victoria, na siku ya tatu aende kuutazama mto Nzoia katika nchi ya Bunyala. Mto huu ni mkubwa kuliko Sio mara nyingi. Hutoka milima ya Cherangani na miteremko ya Elgon, hupita katika mashamba ya mahindi na miwa, na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Pande zake mbili zimejengwa kingo ndefu za udongo. Msafiri apande juu ya ukingo, asimame, atazame kushoto na kulia. Kushoto mto, kulia mashamba na nyumba; na wakati wa mafuriko maji ya mto huwa juu kuliko sakafu za nyumba hizo. Kwa kuwa mto umebanwa, udongo ambao zamani ungetapakaa katika mabonde sasa hutua ndani ya mto wenyewe, na kitanda chake hupanda. Kingo zikipasuka, kama ilivyotokea mwaka 2003 na 2008, maelfu ya watu hukimbilia mahali pa juu na mifugo yao. Tena ziwa nalo lina mambo yake: kati ya mwaka 1961 na 1964 uso wake ulipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 ulifikia tena kimo kile. Ziwa likipanda, mto hauna pa kwenda.

Twampa msomaji kazi moja ya kufanya hapa. Atafute chupa mbili nyeupe zinazopenyeza mwanga, azifunge kamba shingoni. Moja aijaze maji ya mto Nzoia kutoka juu ya daraja. Nyingine maji yatokayo katika kinamasi cha mafunjo kisichokatwa. Asiingie majini, kwa ajili ya kichocho, na penye viboko asikaribie kabisa, hasa jioni. Chupa aziweke dirishani katika nyumba ya wageni, azifunike, asizitikise mpaka asubuhi.

Asubuhi ataona chupa ya mto ina tabaka la udongo chini yake, laini kama unga. Udongo huo ulikuwa shamba la mtu fulani huko juu. Chupa ya kinamasi itakuwa na rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya majani yaliyooza, lakini chini yake hakuna kitu, au kipo kidogo sana. Maji hayo mawili yasinywewe, wala ya chupa ya pili. Amwage, azioshe chupa, azijaze maji yaliyochemshwa, ausafishe mnyororo kwa kitambaa, na kuondoka saa 12 na nusu, maana safari ya kurudi Alupe ni ya kupanda, na ataisikia magotini kila hatua ya njia.